Je, wajua? Abiria wakiwa wengi, msaada haupungui

Mtu akianguka ndani ya behewa lenye watu wengi, wengi wetu tunadhani tunajua kitakachofuata. Kila abiria atamtazama mwenzake, mwingine atajifanya yuko bize na simu, na aliyeanguka atabaki sakafuni hadi kituo cha mbele. Sababu nayo tumeikariri: watu wakiwa wengi, jukumu linagawanyika mpaka halina mwenyewe. Bahati mbaya kwa sababu hiyo ni kwamba kuna watafiti walioipeleka ndani ya treni, na huko haikufua dafu.

Dhana hii ilipata nguvu kutokana na kisa cha kweli kilichosimuliwa vibaya. Alfajiri ya tarehe 13 Machi 1964, Kitty Genovese, mwanamke wa miaka 28, alichomwa kisu hadi kufa karibu na nyumbani kwake eneo la Queens, New York. Wiki mbili baadaye gazeti la New York Times liliandika kwamba raia wema 38 walitazama mkasa huo na hakuna aliyepiga simu polisi wakati akishambuliwa. Habari hiyo ikazunguka dunia na kuingia kwenye vitabu vya saikolojia. Miaka 52 baadaye, mwaka 2016, gazeti lenyewe lilikiri kwamba taarifa ile ilikuwa na kasoro na ilitia chumvi idadi ya mashahidi na mambo waliyoyaona. Wengi walisikia sauti tu bila kuelewa ni nini. Jirani mmoja, Sophia Farrar, alishuka mbio na kumshika Kitty mikononi akiwa anakata roho. Mama huyo hakutajwa kwenye hadithi ya watu 38, pengine kwa sababu angeiharibu.

Kisa hicho ndicho kilichowasukuma wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané kufanya jaribio lao la mwaka 1968. Kila mwanafunzi aliketi peke yake chumbani akizungumza na wenzake kwa kipaza sauti, kisha mmoja wao akasikika kama ameshikwa na kifafa. Waliodhani ni wao tu wanaomsikia, 85% walitoka kutafuta msaada kabla sauti yake haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, ni 31% tu. Matokeo hayo ni ya kweli na yanastahili heshima yake. Ila tazama mazingira: mgonjwa haonekani, wenzako huwaoni, na hujui kama kuna aliyekwisha inuka. Hakuna safari inayofanana na hiyo.

Mwaka huohuo wa 1968, kati ya Aprili na Juni, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia walipanda treni za chini ya ardhi za New York wakiwa na kazi ya ajabu: kuanguka. Utafiti huo uliongozwa na Irving Piliavin, Judith Rodin na Jane Piliavin, ukachapishwa mwaka 1969. Walichagua kipande cha njia kati ya mtaa wa 59 na wa 125, ambapo treni ya haraka hukimbia kama dakika saba na nusu bila kusimama, kwa hiyo hakuna abiria wa kushuka. Sekunde 70 hivi baada ya kuondoka, kijana mmoja anapepesuka mbele, anaanguka, na kulala chali akitazama dari. Safari nyingine ameshika mkongojo. Safari nyingine ananuka pombe na mkononi ana chupa iliyofungwa kwenye mfuko wa karatasi. Walirudia mara 103, mbele ya abiria wapatao 4,450.

Mwenye mkongojo alisaidiwa na abiria wenyewe mara 62 kati ya 65. Watafiti walikuwa wamemweka mwenzao wa kujitokeza baada ya muda kama mfano wa kuigwa, lakini akawa karibu hana kazi, maana kwa kawaida abiria walikwisha inuka ndani ya sekunde 5. Mlevi alisaidiwa mara 19 kati ya 38, na wakati mwingine baada ya kungojwa sana. Katika safari 81 ambazo msaada ulipatikana, zaidi ya nusu walijitokeza watu wawili au zaidi. Kuhusu wingi wa watu, matarajio yalipinduka: walipokuwapo watu 7 au zaidi karibu na aliyeanguka, mwitikio haukuchelewa kuliko walipokuwapo watatu. Kama kulikuwa na tofauti, waliwahi zaidi.

Kwa nini? Maelezo ya watafiti hao hayaupambi moyo wa mwanadamu, na ndiyo maana yanavutia. Fikiria kijiwe kilichoingia kwenye kiatu chako. Kinakuuma wewe, na unachotaka ni maumivu yaishe. Unaweza kuvua kiatu na kukitoa. Unaweza kuacha kutembea. Au unaweza kukanyagia upande mmoja wa mguu na kujiambia kwamba si kitu. Mtu aliyelala sakafuni mbele yako ni kijiwe cha namna hiyo: kumwona kunakukera, na kumsaidia ni kuvua kiatu. Ndani ya behewa linalokimbia, njia ya kuacha kutembea imefungwa. Inabaki ama kumwinua, ama kutafuta namna ya kukanyagia upande, yaani kisingizio. Mlevi anakupa kisingizio bure: amejitakia mwenyewe. Mkongojo haukupi chochote.

Hata hivyo wapo waliojaribu kuondoka. Katika safari 21 kati ya hizo 103, jumla ya watu 34 walihama na kwenda sehemu nyingine ya behewa. Baadhi ya wanawake walisema kwamba hiyo ni kazi ya wanaume, na kweli, 90% ya waliotangulia kusaidia walikuwa wanaume. Hapa tahadhari inahitajika: waliokuwa wakianguka wote walikuwa wanaume, na safari zote zilifanywa kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, watu wanapokuwa na nafasi ya kupiga hatua. Hayo si matokeo ya behewa ambamo hata mkono hauinuki.

Fadhila ndogo, kama kumpisha mtu kiti au kumsaidia kupandisha mzigo, zina kijiwe kidogo mno. Aliyesimama na mkoba hajaanguka. Labda anashuka kituo kinachofuata, labda ukimpisha ataona umemwita mzee. Visingizio ni tele. Kinachovifuta ni mhusika kufungua mdomo. Miaka ya 1970 wanafunzi wa mwanasaikolojia Stanley Milgram walitumwa kwenye treni hizohizo za New York kuwaomba watu kiti bila kutoa sababu yoyote. Asilimia 68 walipisha au walisogea. Waombaji walipoongeza sababu dhaifu, kwamba hawawezi kusoma kitabu wakiwa wamesimama, ikashuka hadi 42. Na abiria waliposikia mapema wawili wakinong'ona kuhusu mpango wa kuomba kiti, ikawa 37 hivi. Mpe mtu muda, na kisingizio kitapatikana.

Walioteseka ni waombaji. Milgram mwenyewe alisimulia kwamba maneno yalimkwama kooni, na alipopewa kiti alijikuta akiinamisha kichwa kama mgonjwa ili astahili kukikalia.

Hofu hiyo nayo imepimwa. Mwaka 2008 watafiti Francis Flynn na Vanessa Lake walichapisha majaribio ambayo moja liliwataka wanafunzi kujifanya wamepotea, kisha kumwomba mtu wasiyemjua awasindikize hadi jengo la michezo. Walikisia kwamba wangelazimika kuwaomba watu 7 hivi ili mmoja akubali. Kwa wastani, iliwatosha kuwaomba watu wawili na kidogo. Mwombaji alikuwa akihesabu jinsi ombi lake lilivyo zito kutimiza. Aliyeombwa alikuwa na hesabu nyingine kabisa: jinsi ilivyo tabu kumtazama mtu usoni na kumwambia hapana.