Si kompyuta tu zinazozuia taarifa

Wengi huamini idara za serikali hazipeani taarifa kwa sababu mifumo yao ya kompyuta haisomani. Mifumo huchangia, ndiyo, lakini mara nyingi kikwazo ni watu na kanuni. Mapema mwaka 2000, CIA, shirika la ujasusi la Marekani, ilijua kwamba Khalid al-Mihdhar, baadaye mmoja wa watekaji ndege wa Septemba 11, ana viza ya nchi hiyo. Lakini jina lake liliingizwa kwenye orodha ya kuzuiwa mpakani Agosti 2001 tu, naye keshaingia. Kompyuta gani ingetibu hilo? Ofisa huogopa lawama ya kuvujisha siri. Ya kunyamaza humfikia kwa nadra. Sheria ikiwa na utata, anapata kisingizio. Wanaoaminiana hupigiana simu tu, mambo yakaenda.