"Fedha za umma" katika viza ya Uingereza: ni ruzuku, si shule wala daktari

Mwezi uliopita nilikutana na mama mmoja kutoka Mwanza, aliyehamia Leeds pamoja na mumewe mwenye viza ya kazi, ambaye binti yake wa miaka 6 alikuwa hajakanyaga darasani tangu familia ilipowasili majira ya baridi. Mama huyu si mzembe. Aliambiwa na mtu anayemheshimu, mkazi wa siku nyingi katika mji huo, kwamba viza yao ina sharti la kutotumia fedha za umma, kwamba shule za serikali zinaendeshwa kwa fedha za umma, na kwamba kumwandikisha mtoto kungeweza kumponza baba yake wakati wa kuongeza muda wa viza. Hoja hiyo nimeisikia pia kuhusu chanjo za watoto, kuhusu kliniki ya wajawazito na kuhusu kujiandikisha kwa daktari wa mtaa, na kila ninapoisikia nakuta familia iliyokwisha kuumia kwa sababu ya tafsiri ya maneno mawili.

Maana yenyewe ni fupi. Katika sheria ya uhamiaji ya Uingereza, "fedha za umma" ni jina la orodha. Aya ya 6 ya Kanuni za Uhamiaji inataja malipo na misaada kimoja kimoja, na mtu ambaye ruhusa yake ya kuishi nchini imewekewa sharti hilo haruhusiwi kuomba chochote kilichotajwa humo. Kisichotajwa hakihusiki na sharti hilo, hata kama hazina ya taifa ndiyo inayokilipia hadi senti ya mwisho. Katika orodha hiyo mna Universal Credit, ambayo ni malipo ya kila mwezi kwa wenye kipato kidogo. Child Benefit, ambayo ni posho ya kulea mtoto. Ruzuku ya pango. Malipo ya ulemavu. Nyongeza ya wazee inayoitwa Pension Credit. Nafuu ya kodi ya halmashauri kwa wasio na uwezo. Na nyumba za halmashauri pamoja na msaada wa makazi kwa aliyekosa pa kulala. Orodha hubadilika kadiri mabunge yanavyotunga sheria mpya, lakini imebaki kuwa orodha.

Tatizo linaanzia kwenye Kiswahili chetu, kwa sababu tafsiri hiyo, neno kwa neno, ni sahihi kabisa, na usahihi wake ndio unaopotosha. Fedha ni neno la Kiarabu la madini yale meupe, na bado tunasema pete ya fedha. Umma nalo limetoka huko huko, likiwa na maana ya watu wote kama jamii moja. Lakini maneno hayo yameishi nasi na yamebeba historia yetu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 Watanzania walizoea kusikia mashirika ya umma, mali ya umma na utumishi wa umma, na kila mwaka ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali inapotoka, magazeti huandika juu ya ubadhirifu wa fedha za umma. Mkenya naye husema shule ya umma na hospitali ya umma bila kufikiri mara mbili. Kwa hiyo sikio la Mswahili likisikia "fedha za umma" linaelewa fedha zote zilizokusanywa kwa kodi na kila kilichojengwa au kinachoendeshwa kwa fedha hizo: barabara, zahanati, madawati, mshahara wa mwalimu. Yule mkazi wa Leeds hakukosea Kiswahili. Alikisoma Kiswahili vizuri, akakitumia kufasiri sheria ambayo haikuandikwa kwa maana hiyo.

Ninachosikitikia ni kwamba lugha yetu ina maneno matatu yanayotenganisha mambo haya kwa uwazi kuliko hata Kiingereza cha sheria hiyo, nasi tumeyaacha kando.

La kwanza ni huduma. Huduma hutolewa na mtu anayehudumu, kama vile mwalimu, muuguzi au mkutubi, na anayehudumiwa haondoki na fedha mfukoni. La pili ni mafao. Hili limezaliwa na kitenzi kufaa, na mfanyakazi yeyote wa Tanzania aliyewahi kukatwa mchango wa NSSF analijua bila kufundishwa: mafao ni kile kinachokufaa wewe kwa sababu ulichangia, iwe ni pensheni au uzazi, na hakuna anayekuona ombaomba ukienda kuyadai. La tatu ni ruzuku, ambalo ni ndugu wa riziki. Wazee husema Mungu amruzuku mtu, yaani ampe bila kumdai, na ndiyo maana fedha ambazo TASAF, mfuko wa maendeleo ya jamii wa Tanzania, inazipeleka kwa kaya maskini tunaziita ruzuku, wala hakuna anayeziita mafao. Kaya hiyo haikuchangia mfuko wowote. Inapewa kwa sababu haina.

Sasa tuirudie ile orodha ya Uingereza na kuipima kwa maneno haya matatu. Karibu kila kilichomo ni ruzuku: malipo au makazi ambayo mtu hupewa kwa kuangalia hali yake, pasipo kuangalia alichochangia. Huduma hazimo. Mafao hayamo. Ningekuwa na mamlaka juu ya vipeperushi vyote vya Kiswahili wanavyopewa wageni, ningefuta "fedha za umma" na kuandika "ruzuku zilizoorodheshwa", kisha nikaongeza sentensi moja: shule, matibabu na mafao ya kazi hayahusiki.

Elimu ya serikali haimo katika orodha. Nchini Uingereza mtoto hufikia umri wa lazima wa kusoma mwanzo wa muhula unaofuata siku anapotimiza miaka 5, na mtoto aliyekuja kama mtegemezi wa mwenye viza ya kazi ana nafasi katika shule ya serikali kama jirani yake. Chakula cha mchana anachopewa kila mtoto katika darasa la awali na madarasa mawili yanayofuata hakimo pia, na wala saa 15 za wiki za malezi ya chekechea kwa watoto wa miaka 3 na 4 hazimo. Ninakiri kwamba hapa pana mtego mmoja unaowachanganya hata watu makini: saa 30 wanazopewa wazazi wanaofanya kazi nazo hazimo katika orodha, lakini zina masharti yao wenyewe, na mojawapo ni kwamba angalau mzazi mmoja awe hana zuio la fedha za umma. Kwa hiyo kutokuwemo katika orodha kunamaanisha kwamba viza haikukatazi. Hakumaanishi kwamba kila mlango umefunguliwa.

Matibabu ndiyo yanayonitia uchungu zaidi, kwa kuwa wengi wetu tumeyalipia kabla hata ya kupanda ndege. Tangu Februari 2024, mtu mzima anayeomba viza ya kazi ya kawaida hutozwa ada ya afya ya pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na mtoto hutozwa pauni 776. Familia ya wazazi wawili na watoto wawili hulipa pauni 3,622 kwa mwaka, na kwa viza ya miaka mitatu hulipa pauni 10,866 kwa mkupuo. Wauguzi na wenzao wenye viza ya afya, wakiwamo Wakenya waliokuja baada ya makubaliano ya Julai 2021 kati ya Nairobi na London, wamesamehewa ada hiyo pamoja na familia zao, na bado wana haki ya kutibiwa. Kumwona daktari wa mtaa ni jambo jepesi zaidi: kujiandikisha kwake hakuhitaji uthibitisho wa uhamiaji wala wa anwani, ingawa mhudumu wa mapokezi anaweza kuuliza, na asiye na karatasi hizo anaruhusiwa kusema hivyo kwa adabu na kuendelea kujaza fomu.

Mafao nayo yanafuata mchango. Mwajiriwa anayekatwa mchango wa Bima ya Taifa (National Insurance) katika mshahara wake hujijengea pensheni ya serikali, ambayo kwa kawaida huhitaji angalau miaka 10 ya michango, na mama aliyetimiza masharti ya ajira hulipwa malipo ya uzazi kupitia mwajiri wake kwa wiki 39. Malipo ya ugonjwa ni hivyo hivyo. Nimewahi kumwona dada aliyerudi kazini mtoto akiwa na wiki tano kwa kuogopa "kula fedha za umma", wakati malipo aliyoyakimbia yalikuwa mafao yake.

Sitaki mtu asome haya akajiona huru kupita mipaka. Kosa la upande wa pili lipo, na lina madhara makubwa. Child Benefit hulipwa na mamlaka ya kodi, na wengine hudhani ni marejesho ya kodi yao, wakajaza fomu. Hapana, ni ruzuku na imo katika orodha. Anayeiomba akiwa na zuio amevunja sharti la viza, na kuvunja sharti hilo kwa kujua ni kosa la jinai. Kama mmoja wa wazazi ni raia au ana ukazi wa kudumu, yeye anaweza kuiomba kwa jina lake. Katika kodi ya halmashauri kuna tofauti nyembamba vilevile: nafuu ya wasio na uwezo imo, lakini punguzo la asilimia 25 kwa mtu mzima anayeishi peke yake halimo.

Mara nyingi chanzo cha kosa hilo ni ushauri wa ndugu aliyekuja kwa njia nyingine. Mkongomani au Mrundi aliyepewa hadhi ya ukimbizi hajawekewa zuio hili, na akimwambia mwenzake wa msikitini au kanisani kwamba yeye alisaidiwa pango, anasema kweli. Ila ukweli wake haumfai mwenye viza ya kazi, hata kama wanapika ugali mmoja.

Na kwa familia iliyoishiwa kabisa, yenye mtoto ndani ya nyumba, kuna jambo la kujua kabla ya kukata tamaa. Kifungu cha 17 cha Sheria ya Watoto ya 1989 kinaipa halmashauri wajibu wa kulinda ustawi wa mtoto mwenye uhitaji, na msaada unaotolewa chini ya kifungu hicho haumo katika orodha. Wenye viza iliyotolewa kwa msingi wa familia wanaweza pia kuiomba Wizara ya Mambo ya Ndani iondoe sharti lenyewe.

Binti wa Mwanza ameanza shule wiki mbili zilizopita. Yule mkazi wa siku nyingi ni mtu mwema, na najua wageni wataendelea kumwendea kabla hawajaja kwangu, kwa kuwa ndiye anayewapokea kituoni na kuwatafutia makoti. Namwomba jambo moja tu: akiulizwa tena, asiseme "hamruhusiwi fedha za umma". Aseme "hamruhusiwi kuomba ruzuku", kisha awaonyeshe shule ilipo.