Asubuhi iliyoitwa jioni

Nairobi haikuzungushiwa ukuta. Lango lake lilikuwa stesheni. Tangu reli ilipofika hapa Mei 1899, mgeni alishuka kwenye gari la moshi na kuikanyaga Government Road, ndiyo Moi Avenue ya leo.

Wiki jana niliikagua picha ya zamani ya barabara hiyo, mpiga picha akiwa ameelekea stesheni. Tarehe haikuandikwa, ila Msikiti wa Khoja wa pale kona ya Biashara Street haupo, na ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Basi picha ni ya kabla ya hapo. Mikaratusi aliyoipanda John Ainsworth, afisa wa serikali ya kikoloni, kandokando ya barabara nayo imeshapita mapaa ya mabati, ingawa sipendi kukadiria miaka kwa mkaratusi. Mti ule hukua kama umetumwa.

Kilichonisumbua ni njia ya kuingilia Bazaa ya Wahindi, yaani Biashara Street. Ukisimama pale ukitazama stesheni, njia hiyo iko mkono wako wa kulia. Kwenye picha ilikuwa kushoto.

Nikaomba bamba lenyewe la kioo, lile ambalo picha ilipigwa juu yake. Bamba la negativu lina upande mmoja wenye utando wa dawa. Liinamishe kwenye mwanga wa dirisha: upande wa kioo unameremeta, wa dawa umefifia. Aliyeliskani alililaza kinyume, na mji mzima ukageuka kama kwenye kioo cha kinyozi. Kosa hili ni la kawaida mno, hasa mabango ya maduka yakiwa mbali hayasomeki.

Nilipoligeuza, bazaa ikarudi kulia. Vivuli navyo vikahama: vilivyokuwa vikilalia kushoto sasa vinalalia kulia, maana yake jua liko kushoto, na ukitazama stesheni kushoto ndiko mashariki. Watu wale wa barabarani wanaenda kazini, hawarudi.

(Na ule weusi wa barabarani msiuite tope haraka. Mabamba ya siku hizo yaliiona vizuri rangi ya buluu, nyekundu kwa shida, kwa hiyo hata vumbi jekundu kavu hutoka jeusi, na mbingu ikabaki nyeupe tupu.)

Kwenye bahasha ya bamba mtu alikuwa ameandika “jioni”. Sikuifuta. Nimeongeza chini yake, kwa penseli laini: “asubuhi, bamba liligeuzwa”.