Kuhamishia riwaya jukwaani: maana yake

Kuhamishia riwaya jukwaani ni kuchukua hadithi iliyoandikwa ili isomwe, kisha kuijenga upya ili iigizwe mbele ya hadhira. Wengi hudhani kazi yenyewe ni kufupisha tu: kata sura kadhaa, bakiza mazungumzo, basi. Kufupisha kupo, ila ugumu hasa uko kwa msimulizi. Katika riwaya za Uingereza za enzi ya Malkia Victoria (1837–1901), sehemu kubwa ya mhusika tunaipata kupitia kwake: mwendo, hila, hofu aliyoificha. Jukwaani msimulizi huyo akiondolewa, yote aliyoyabeba lazima yapate mbebaji mwingine.

Mbebaji wa kwanza ni mwili wa mwigizaji. Katika kisa cha Dkt. Jekyll na Bw. Hyde alichokitoa Robert Louis Stevenson mwaka 1886, msomaji hufumbuliwa siri ya watu hao wawili, kwamba ni mtu mmoja, karibu na mwisho, tena kwa barua. Mwaka 1887, mjini Boston, Marekani, mwigizaji Richard Mansfield aliwaigiza wote wawili yeye mwenyewe, akageuka kutoka mmoja hadi mwingine watu wakimtazama: uso, sauti na mgongo vilibadilika, taa zikimsaidia. Fumbo la kitabu lilipotea, lakini kitisho kikawa machoni pa watu.

Njia nyingine ni kumbakiza msimulizi, ila kumgawa. Royal Shakespeare Company, kundi la maigizo la Uingereza, walipoigiza Nicholas Nickleby ya Charles Dickens jijini London mwaka 1980, kwa maandishi ya David Edgar, onyesho lilichukua zaidi ya saa nane kwa sehemu mbili, na waigizaji walipokezana kusimulia. Mtu aliweza kumweleza mhusika kwa hadhira, kisha papo hapo akamwigiza. Hivyo kejeli ya Dickens, ambayo mazungumzo peke yake hayaibebi, haikupotea.

Kwangu mimi, riwaya inayompima mwandishi wa jukwaa kuliko zote ni Jane Eyre ya Charlotte Brontë (1847), kwa kuwa Jane ndiye anayejisimulia na mengi anayabana moyoni. Katika onyesho lililoongozwa na Sally Cookson, lililoanzia Bristol mwaka 2014, waigizaji wenzake walimzunguka na kuyasema mawazo yake kwa sauti, wakibishana: abaki au aondoke? Hapo hadhira iliona kwa macho kile ambacho msomaji hukisikia kimyakimya, Jane akishindana na nafsi yake.