Osborne 1 haikuwa kompyuta mpakato ya kwanza
Wengi huipa sifa hiyo Osborne 1 ya mwaka 1981. Ilibebeka, ndiyo, lakini ilikuwa na uzito wa karibu kilo 11, skrini ya inchi 5 ya aina ya televisheni za zamani, na ilitegemea umeme wa ukutani. Ukweli ni kwamba ile ni kompyuta ya mezani iliyotiwa mpini. Epson HX-20 ya Japani, iliyoingia sokoni 1982, ndiyo ya kupakatwa: ukubwa wa karatasi ya A4, kilo 1.6, skrini ya mistari 4 ya herufi 20 kila mmoja, printa ndogo humohumo, betri ya kuchaji ya saa 50 hivi. Ukiipata leo usikimbilie kuiwasha. Ifungue utoe betri za nikeli-kadimi. Zikivuja, hula njia za shaba kwenye bodi.