Madume Tasa wa Tanga Waliovuka Bahari

Swali la kwanza ninaloulizwa nikieleza habari za mbung'o, inzi mnyonya damu aliyetokomezwa Unguja kwa kuachia madume tasa, ni hili: wale inzi waliopigwa mionzi kisha wakamwagwa kutoka angani, hawakutuachia mionzi ardhini? Hawakutuachia. Miale ya gama humpita mdudu na kuishia hapo, kama eksirei ya kifua. Ukitoka chumba cha picha huendi nayo nyumbani. Kilichoharibika ni mbegu za dume tu. Mabawa yalibaki na nguvu, na hamu ya kumtafuta jike ikabaki palepale.

Hamu hiyo ndiyo iliyotumika. Jike la mbung'o kwa kawaida hupandwa mara moja maishani. Wala hatagi mayai kwa mamia kama inzi wa jalalani: hubeba buu mmoja tumboni, humlisha maziwa yake mwenyewe, na baada ya siku kama 10 humzaa, buu akajifukia udongoni. Mdudu anayezaa kwa mwendo huo akiangukia kwa dume tasa, ukoo wake umekatika.

Unguja ilikuwa na aina moja tu ya mbung'o, Glossina austeni, aliyejificha vichakani na katika msitu wa Jozani akiwaambukiza ng'ombe nagana. Ng'ombe mwenye nagana hukonda, hutupa mimba, maziwa hukauka. Kuwapaka mifugo dawa na kutundika vitambaa vya buluu vyenye sumu kuliwapunguza mbung'o, lakini hakukuwamaliza.

Ndipo kuanzia 1994 kituo cha utafiti cha Tanga, kikishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, kikawafuga kwa wingi. Walinyonya damu ya ng'ombe kupitia utando wa silikoni uliowekwa badala ya ngozi. Madume wakapigwa mionzi, wakavushwa kwa ndege ndogo na kuachiwa juu ya kisiwa. Na kwa kuwa dume la mbung'o nalo hunyonya damu, tofauti na dume la mbu, walinyweshwa kwanza damu yenye dawa ya nagana, wasije wakaeneza ugonjwa waliotumwa kuumaliza. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wenzetu wa Tanga.

Waliachiwa zaidi ya milioni 8. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa Septemba 1996, na mwishoni mwa 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa huru. Wafugaji wadogo wenye ng'ombe wa kisasa, wale wa maziwa mengi wasiostahimili nagana, walikuwa asilimia 2 mwaka 1985. Kufikia 1999 walikuwa asilimia 24.

Bahari ilisaidia sana, tusijidanganye. Bara hakuna mkondo wa maji wa kumzuia mbung'o wa kichaka cha jirani asirudi. Huko Tanga kwenyewe, walikozaliwa madume hao, mfugaji wa Pangani au Handeni bado ananyunyizia ng'ombe wake dawa.