Deni lililoizamisha Leeds United

Kazi yangu ni kusoma hesabu za klabu za mpira. Mtu akitaka kuelewa jinsi fedha inavyoijenga timu na kuibomoa, mimi humwanzishia na Leeds United ya Uingereza.

Hata kuzaliwa kwake kulitokana na ugomvi wa vitabu vya hesabu. Mwaka 1919 Leeds City, klabu iliyoitangulia mjini Leeds, ilituhumiwa kuwalipa wachezaji kinyume cha kanuni wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Viongozi walikataa kukabidhi vitabu vikaguliwe, klabu ikafukuzwa kwenye ligi, na wachezaji wakapigwa mnada katika Hoteli ya Metropole mjini humohumo. Leeds United ikaundwa mwaka huohuo na kuhamia uwanja wa Elland Road.

Enzi kubwa ni ya Don Revie. Alikabidhiwa timu mwaka 1961 ikiwa taabani daraja la pili, akaivalisha jezi nyeupe tupu kama Real Madrid, na hadi anaondoka mwaka 1974 alikuwa amechukua ubingwa wa ligi mara mbili, Kombe la FA na makombe mengine. Brian Clough aliyemrithi alidumu siku 44. Mwaka 1982 walishuka daraja, na miaka kumi baadaye Howard Wilkinson akawarudishia ubingwa.

Sasa tuje kwenye deni. Chini ya mwenyekiti Peter Ridsdale na kocha David O'Leary, Leeds walifika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya mwaka 2001 na kutolewa na Valencia. Kikosi kilikuwa cha vijana, nahodha akiwa Lucas Radebe wa Afrika Kusini, na beki Rio Ferdinand alikuwa amenunuliwa kwa pauni milioni 18, rekodi ya Uingereza wakati huo. Mishahara ilipangwa kana kwamba kila msimu watacheza Ligi ya Mabingwa. Msimu wa 2000/01 nafasi zilikuwa tatu, Leeds wakamaliza wa nne, pointi moja nyuma ya Liverpool. Msimu uliofuata nafasi zikawa nne, wao wakawa wa tano, ingawa siku ya Mwaka Mpya walikuwa kileleni.

Septemba 2001, tayari wakiwa nje ya michuano hiyo, walikopa pauni milioni 60 kwa dhamana ya mapato ya viingilio ya miaka 25 ijayo. Mtoto aliyezaliwa Leeds mwaka ule angefikisha miaka 25 tiketi zake zikiwa bado zinalipa deni la wachezaji waliostaafu yeye akiwa shule. Mapato ya mpira hupanda na kushuka na matokeo ya uwanjani. Mkopo wa namna ile na mikataba ya mishahara havishuki.

Watu hupenda kusimulia habari za samaki wa mapambo waliokodiwa ofisini kwa mwenyekiti. Ile ni hela ndogo mno, na inapoteza shabaha. Tazama mauzo ya Robbie Fowler mwaka 2003: alikwenda Manchester City, na Leeds wakaendelea kulipa sehemu ya mshahara wake akiwa anafunga mabao ya wengine. Klabu ikifika hapo, hata kuuza mchezaji hakuipumzishi. Ferdinand alikuwa ameshauzwa Manchester United kwa takriban pauni milioni 30, na bado hasara ya mwaka wa fedha ulioishia Juni 2003 ilikuwa pauni milioni 49.5.

Mwaka 2004 walishuka daraja, wakauza Elland Road na uwanja wa mazoezi wa Thorp Arch, wakageuka wapangaji nyumbani kwao. Mwaka 2007 klabu iliwekwa chini ya msimamizi wa mufilisi, ikakatwa pointi 10 na kutumbukia daraja la tatu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Kwa kuwa ilitoka huko bila makubaliano rasmi na wadai, ilianza msimu mpya na pointi 15 chini ya sifuri. Wakashinda mechi saba za kwanza mfululizo! Walikwama kwenye fainali ya mchujo, wakapanda mwaka 2010.

Marcelo Bielsa aliwarudisha Ligi Kuu mwaka 2020, baada ya miaka 16, na anastahili kila sifa anayopewa. Lakini kwa jicho langu tukio zito zaidi ni la 2017, Elland Road uliporudi mikononi mwa mmiliki wa klabu, Andrea Radrizzani. Leeds walishuka tena mwaka 2023, ila safari hii hapakuwa na msimamizi wa mufilisi wala mnada wa uwanja. Mwaka 2025 walipanda kwa pointi 100, sawa na Burnley, wakachukua ubingwa wa daraja la pili kwa tofauti ya mabao.